Maneno Yaliyopigwa Pasi

Ukitaka kumjua Mama Pasi ni lazima uijue kwanza nyumba, na ukitaka kuijua nyumba ni lazima ukijue kiwanda cha sabuni, maana bila kiwanda mtaa ule ungekuwa kichaka mpaka leo.

Mwenye kiwanda alitaka mikono, na hakuuliza mikono inatoka wapi. Wakaja watu wa milimani, ambao mashamba ya baba zao yalikuwa yamegawanywa na kugawanywa hadi mtu anarithi matuta ya viazi. Wakaja watu wa ziwani, wakasema moto na masufuria makubwa wanavijua. Wakaja wengine wamevuka mpaka na magodoro kichwani, wakikimbia vita ambavyo hawakupenda kuvisimulia. Wote hao akawajengea nyumba ndefu za bati, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, uani bomba moja. Kisha kiwanda kikafa, kwa mikutano mingi na bila mazishi, lakini watu wakabaki. Mpishi wa sabuni akawa kinyozi. Mlinzi wa geti akafungua duka la misumari. Sheikh na mchungaji wakajikuta wanapakana ukuta kwa ukuta, na jambo pekee lililowahi kuwagombanisha ni mfereji wa maji machafu, ambao kila mmoja alishikilia kwamba ni wa mwenzake.

Kiswahili kilikuwa mali ya wote, kama lile bomba. Ila kama lile bomba, ilibidi utoke nje ukakichote. Wanaume walikichota kazini, watoto barabarani, wachuuzi sokoni. Wanawake waliokaa ndani walibaki na lugha za kwao, na Kiswahili chao kikaishia kwenye salamu, bei na pole.

Mama Pasi alizaliwa katika nyumba hizo, chumba cha mwisho karibu na choo. Mama yake mtu wa milimani, baba yake mtu wa ng'ambo ya mpaka. Lugha ya mama aliinyonya, ya baba alichapwa mpaka ikaingia. Alipokua akaolewa na fundi saa wa chumba cha tatu, mtu mpole anayetazama dunia kwa jicho moja, na akaanza kupiga nguo za watu pasi pale pale ukumbini. Meza yake ilikuwa na blanketi kuukuu na shuka juu yake. Pasi zilikuwa mbili za mkaa, moja ikifanya kazi na nyingine ikipata moto. Bakuli la wanga, bakuli la maji ya kunyunyiza kwa vidole. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, na mwili mwisho. Anayeanza na mwili, alikuwa akisema, hajui anachokitafuta.

Kushoto kwa meza yake ulikuwa mlango wa Mama Cherehani, mtu wa milimani, aliyeshonea wanawake wa kwao tangu asubuhi mpaka macho yamlemee. Mama Pasi alimwita mama mdogo. Kulia ulikuwa mlango wa Mama Kuku, mtu wa ng'ambo, aliyefuga kuku uani na kuuza mayai. Huyo alimwita shangazi. Hawakuwa ndugu zake kwa damu, lakini ukiwa mtoto wa makabila mawili kila mtu mzima ni wa upande wa mama au wa upande wa baba, huna pa kukimbilia.

Mama wawili hao hawakuwa na lugha ya kusemeshana. Kwa hiyo maneno yote yalipita juu ya meza ya pasi, na Mama Pasi akawa anayapokea kushoto na kuyatoa kulia, mikono haijaacha kazi. Wengine nao wakaona hiyo ni bahati. Ugomvi wa foleni ya bomba, aitwe Mama Pasi. Mchumba ametoka kwa watu wengine na wazazi hawaelewani, aitwe Mama Pasi. Naye alikwenda, kifua mbele, maana kusema kweli alikuwa anajisikia. Mjumbe hauawi, alikuwa akisema, na alisema kwa raha ya mtu ambaye hajawahi hata kutishiwa.

Hakutishiwa kwa sababu alikuwa na siri yake. Alikuwa hapeleki maneno yalivyo. Aliyanyoosha. Mtu akisema, "Mwambie mwanawe ni mwizi," Mama Pasi alimwambia mwenziwe kwamba jirani anamwogopea mtoto na makundi mabaya. Akisema, "Mwambie ananuka uvundo," ilifika kwamba jirani anauliza kama paa linavuja amsaidie. Watu wakaenda nyumbani wameridhika. Hata mwenyekiti wa mtaa alikuja siku moja akawasifu mbele ya wageni kwamba watu wa makabila yote wanaishi hapa kama vidole vya mkono mmoja, na Mama Pasi, aliyesimama nyuma na kapu la mashati, alijua hivyo vidole vimeshikiliwa na nani. Hakuona ubaya. Angeuona wapi, na kila siku mtaa unalala kwa amani?

Sasa, siku ya gauni.

Ilikuwa zamani, Mama Pasi bado bibi harusi mpya. Mama Cherehani alikuwa amemaliza gauni la bibi harusi wa watu, jeupe, la kazi ya kutoboa macho. Akalitundika uani makunyanzi yaanguke kidogo kabla ya kupigwa pasi. Kuku wakaruka juu ya benchi, kutoka benchi wakarukia kamba, na huko wakafanya yanayofanywa na kuku. Mama Cherehani alipotoka akaliona, alirudi ukumbini, akasimama mbele ya Mama Kuku, akasema kwa lugha ya milimani, "Mwambie huyu: aliyeshindwa kumlea mtoto wake mmoja, asijitie kufuga."

Ukumbi mzima ulikuwa umejaa watu, na kati yao wote aliyeyaelewa maneno hayo na kumtazama Mama Kuku kwa wakati mmoja ni Mama Pasi peke yake. Mtoto wa Mama Kuku, binti wa pekee, alikuwa amezikwa mvua zilizopita. Homa, siku chache tu. Mama Kuku alimbeba mgongoni mpaka hospitali na akarudi mgongo mtupu.

Mama Pasi akageuka kulia. Akasema kwa lugha ya ng'ambo, "Anasema gauni ni la watu, amechanganyikiwa. Anakuomba asubuhi uwafunge kuku kidogo."

"Si angesema tangu mwanzo," Mama Kuku akajibu, na kesho yake alfajiri akapeleka mayai mlango wa kushoto, kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa safi. Mama Cherehani alipolipokea bakuli mikono yake ilikuwa haitulii. Mama Pasi aliona, akajisemea ni furaha. Alikwenda kuwasha mkaa wake akiimba kimoyomoyo.

Tangu siku hiyo wale mama wakawa chanda na pete. Mchana ukipoa walikaa ukumbini, mmoja anatia uzi, mwingine anachambua mchele, na Mama Pasi katikati anafanya kazi mbili. Watu wakisema Mama Kuku ana ulimi mkali, hawakukosea. Ulikuwa mkali kuliko siki. "Mwambie hiyo suruali aliyomshonea mjukuu wake, mguu mmoja umekwenda kazini, mwingine uko likizo." Mama Pasi akamwambia Mama Cherehani kwamba Mama Kuku anasema hakuna mikono kama yako mtaa mzima. Siku Mama Cherehani alipofiwa na mumewe, Mama Kuku alikuja akakaa chini ukutani akasema, "Mwambie wanaume hufa, ndiyo kazi yao. Ale." Mama Pasi aliyapokea hayo akayatoa hivi: anasema msiba wako ni wake, na machozi yako yanamtoka yeye. Mama Cherehani akamwegemea Mama Kuku begani akalia, na Mama Kuku, ambaye hakujua amesema nini cha kumliza mtu hivyo, akakaa naye mpaka matanga yakaisha.

Ajabu ni kwamba maneno ya Mama Cherehani, tangu siku ya mayai, hayakuhitaji pasi kabisa. Yalitoka laini yenyewe. Hata akitukanwa na wateja, hata kuku wakimvuruga tena, kwa Mama Kuku alisema pole pole, akitazama chini. Mama Pasi akahesabu hiyo nayo ni kazi yake nzuri.

Miaka ikaenda. Watoto wa Mama Cherehani wakatawanyika makazini, Mama Pasi mwenyewe akapata wajukuu. Halafu Mama Cherehani akavimba miguu, kisha tumbo, hospitali wakamlaza wakamchoka, wakamrudisha nyumbani na maneno ya upole. Cherehani ikafunikwa shuka. Mchana mmoja akamwita Mama Pasi aingie, afunge pazia.

"Mwanangu," akasema, "kuna jambo limenikaa kooni miaka yote, na wewe ulilisikia. Siku ile ya gauni."

Mama Pasi akajitia hamnazo. Gauni gani, mama mdogo? Lakini yule mgonjwa hakuwa na muda wa michezo. Akayarudia maneno yale yote, ya mtoto na kufuga, bila kukosea hata silabi, kama mtu anayeyasoma ukutani.

"Nilimwambia hayo mwanamke aliyetoka kuzika. Na yeye, badala ya kunipiga, akaniletea mayai kwenye kitambaa safi. Nilitamani anipige. Kila aliponisemesha vizuri nilikuwa natamani ardhi ipasuke. Yale mayai sikuyala, mwanangu. Niliyafukia. Mpaka leo yai halipiti kooni mwangu. Na kinywa cha kumwomba radhi sikukipata, ningeanzaje? Sasa nakufa. Niitie yeye, umwambie kwa maneno yangu, na mimi nimwangalie usoni."

Mama Pasi alisema ndiyo, mama mdogo, akatoka, akasimama mezani. Alikuwa na shati la mwalimu mbele yake. Akaweka pasi juu ya kola, akasahau kuwa ameiweka. Harufu ndiyo iliyomzindua. Katika maisha yake yote alikuwa hajaunguza nguo ya mtu, na sasa kola ilikuwa na alama ya kahawia ya ncha ya pasi, na yeye anaitazama kama si yake.

Kumbe ndivyo. Alichokitengeneza siku ile hakikuwa amani. Aliondoa ugomvi wa asubuhi moja, ambao ungekwisha kwa makofi mawili na majirani kuamua, akampandikizia mtu mzigo wa maisha. Mama Cherehani alipiga magoti miaka yote mbele ya msamaha ambao hakuna mtu aliyeutoa. Na kama si yeye kujiweka pale katikati na pasi yake, wale wawili wangekosana, wakapatana, wakajifunza kidogo kidogo kusemeshana kama wengine wote wa mtaa. Nani angehangaika kujifunza, na Mama Pasi yupo? Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Alimsimulia mumewe jioni, mume angali anatengeneza saa. Fundi saa akatoa kioo jichoni, akafikiri, akasema mgonjwa hatibiwi kwa ukweli. Mpeleke Mama Kuku, umwambie Mama Kuku lolote, umwambie mgonjwa amesamehewa, yaishe. Umefanya hivyo maisha yako yote, akasema, na hakusema kwa ubaya. Lakini lilimwingia Mama Pasi kama sindano kwenye kidole.

Hata hivyo, kesho yake, ndivyo alivyopanga kufanya. Mtu haachi kazi yake kwa siku moja.

Mama Kuku aliingia mchana akiwa amejifunga kanga safi, akakaa kwenye kiti cha cherehani. Mama Pasi akabaki wima kati yao. Mama Cherehani akazungumza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache, macho hayabanduki usoni kwa jirani yake. Alipomaliza Mama Pasi akageuka kulia. "Anasema anaumwa sana, shangazi. Anaomba radhi kwa yote ya ujirani."

Mama Kuku akapunga mkono. Radhi ya nini, sisi watu wazima, alale tu.

Mama Cherehani akauona ule mkono uliopungwa. Akaona uso usiobadilika. "Hujamwambia," akasema. Kisha, kwa sauti iliyobaki, akalitaja jina la yule mtoto.

Jina halina haja ya mkalimani. Mama Kuku aligeuka polepole. Halikuwa limetajwa mbele yake siku nyingi sana, na halijawahi kutoka katika kinywa hicho.

"Anasemaje juu ya mwanangu?"

Mama Pasi alitafuta neno la kulifunika, akatafuta tena, akalikosa. Alijaribu kusema kwamba anamkumbuka tu, na ulimi ukakataa. Basi akasema. Siku ya gauni alisema aliyeshindwa kumlea mtoto wake mmoja asijitie kufuga. Ndilo analoombea radhi.

Uani kuku walikuwa wanaparura chini ya bomba. Mama Kuku aliiweka mikono mapajani, na alipozungumza hakumtazama mgonjwa, alimtazama Mama Pasi.

"Wewe siku ile uliniambia niwafunge kuku."

"Ndiyo, shangazi."

"Nikampelekea mayai."

"Ndiyo."

"Yeye ana miaka na maneno haya, ameshaishi nayo. Mimi nimeyapata leo." Sauti yake haikupanda. "Mwanangu amekufa leo tena. Mwambie sijamsamehe. Mwambie hivyo hivyo. Ukitia sukari nitaiona usoni mwake."

Mama Pasi akageuka kushoto. Akashika ukingo wa kitanda. Akafikiria alichosema mumewe, na akamfikiria mtu huyu akifa bila lile alilolingoja, na kwamba ni yeye, si mwingine, aliyemfikisha hapa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akayatoa maneno jinsi alivyoyapokea.

"Anasema hajakusamehe, mama mdogo."

Mama Cherehani akafumba macho. Chozi moja likashuka kuelekea sikioni, na Mama Pasi akasema moyoni, nimemuua. Lakini macho yakafunguka tena, na ndani yake hamkuwa na hasira. Mlikuwa na kitu kinachofanana na nafuu.

"Ana haki," akasema. "Na afadhali. Niliogopa atanidanganya ili nife kwa raha. Kumbe huyu mtu hasemi jambo asilolimaanisha, hata mbele ya anayekufa." Akapumzika. "Basi na yale mengine yote yalikuwa ya kweli. Aliposema hakuna mikono kama yangu. Aliposema msiba wangu ni wake. Nilikuwa siamini kabisa, nilidhani ni huruma. Mwambie ndiyo yaliyonishikilia mimi katika nyumba hii. Mwambie ahsante kwa hayo."

Akanyoosha mkono kuelekea kiti cha cherehani, akauacha pale juu ya shuka.

"Amesemaje?" Mama Kuku akauliza.

Hapo Mama Pasi angeweza bado kusema lolote. Pasi ya maneno ilikuwa mkononi, kama kawaida. Akasema, "Anasema una haki. Anasema anakushukuru kwa mazuri yote uliyomwambia miaka hii, maana sasa anajua yalikuwa ya kweli."

"Mazuri gani?"

Mama Pasi akainama, akanyoosha shuka la mgonjwa.

"Nakuuliza, mazuri gani niliyomwambia mimi?"

Ilibidi ayataje. Mikono yake. Msiba wake. Machozi. Na mengine, mengine mengi, alikuwa hajui kama ni mengi hivyo mpaka alipoanza kuyatoa moja moja mbele ya mwenyewe aliyesingiziwa. Mama Kuku alisikiliza hadi mwisho, akiutazama ule mkono juu ya shuka, wenye ncha za vidole zilizotobolewa na sindano maisha mazima. Alikuwa na uso wa mtu aliyeonyeshwa picha yake, na katika picha amevaa nguo ambazo hajawahi kuwa nazo.

"Mwambie niliyasema," akasema.

"Shangazi?"

"Yale ya mwanangu siyawezi, asiniombe tena. Lakini hayo mwambie niliyasema mimi, na yalitoka moyoni. Kisha utoke. Na mlangoni kwangu usipite."

Mama Pasi akamwambia Mama Cherehani kwamba aliyasema yeye, na yalitoka moyoni. Hakuongeza kitu, hakupunguza. Mama Kuku akasogeza kiti, akaushika ule mkono, na Mama Pasi akafungua pazia, akatoka ukumbini, ambako mkaa ulikuwa umeshageuka majivu na shati la mwalimu lingali mezani.

Akasimama hapo bila kufanya kazi. Nyuma ya pazia alianza kuwasikia wakizungumza, mmoja kwa lugha ya milimani, mwingine kwa lugha ya ng'ambo, kila mmoja akimwacha mwenzake amalize. Alielewa kila neno la pande zote mbili. Akangoja waliite jina lake wamuulize mwenzangu amesemaje, akangoja mpaka jua likaondoka uani, na hakuna aliyemwita.